Mwili Haugawiwi Kama Ng'ombe wa Idi

Mwanangu Mundhir,

Salamu nakupa kupitia ukutani, maana uko chumba cha pili na nnakusikia unavyocheka na simu. Utauliza kwa nini ami anaandika badala ya kugonga mlango. Wiki hii nimegonga sana, na kila nikifungua mdomo unaniambia, "Ami, hiyo nshaisikia." Kweli, umeshaisikia. Lakini karatasi haikatizwi maneno. Utaikuta kwenye mfuko wa kandura, ile kanzu yako ya safari, ukishavuka mpaka, na huko Dubai hakuna atakayekwambia ukoo wetu una maneno mengi.

Habari za pasi, za chakula, za kumpigia simu mama yako kila Ijumaa, hizo mama yako kazisema mpaka sauti imemkauka. Sina la kuongeza. Mie nnataka kukuandikia juu ya wiki. Wiki ya mtu wa nguvu namna ilivyokuwa ikipangwa zamani, kabla nyinyi hamjaanza kuikatakata. Na nnaandika huku nnajua hutoifata. Usidhani najidanganya.

Skuli niliishia darasa la tano, hilo hulijui kwa sababu silisemi. Lakini kwa vyuma, wallahi, mie ni daktari. Sidab kote, hapa Maskati, walikuwa wakinijua. Siku ile wadi iliposhuka na mafuriko ya milimani na pikapu ya muuza mbuzi ikazama matairi ya nyuma, nani aliyeingia kwenye matope akainyanyua nyuma yote peke yake? Mama yako anasema mbuzi walikuwa watatu. Walikuwa saba, na mmoja ana mimba. Muuza mbuzi alilia. Alitaka kunipa mmoja, nikamwambia, "Mzee, nshawabeba wote, sasa nimchague nani?"

Basi nguvu zile hazikutoka angani. Alinipa Baba Haji, Mungu amrehemu. Wewe humkumbuki. Alikuwa dereva wa tangi la maji, mtu wa Unguja kama sisi, mfupi, shingo hana, kichwa kimekaa juu ya mabega kama kopo juu ya ukuta. Ujana wake alijifunza vyuma Unguja kwa mchukuzi mmoja wa bandarini, na huyo mchukuzi sijui alijifunza kwa nani. Hapa Maskati akatufundisha uani kwake Azaiba, vijana wachache, chini ya bati. Chuma chetu kilikuwa ekseli ya lori. Uzito wetu ni magurudumu ya meno ya mashine zilizokufa, nilikuwa nikiyaleta kutoka Rusayl nilipokuwa nalinda ghala kule. Hapakuwa na kioo. Mtu akitaka kujiona, Baba Haji akimwambia, "Nenda kwa mkeo."

Wiki yake ilikuwa hivi. Jumamosi nzito. Jumatatu nyepesi. Jumatano katikati. Siku zote tatu mwili mzima: uchuchumae na chuma begani, ukiokote kutoka chini, ukisukume juu ya kichwa, uiname ukivute mpaka kifuani. Basi. Ukimaliza unatokwa na jasho lakini unaweza kutembea na kuzungumza, na ukifika nyumbani unakula ukoko pia. Alhamisi hushiki chuma. Ijumaa unaoga, unakwenda msikitini, unalala. Siku nyengine unatembea ufukweni, lakini kutembea tu, si kushindana na watu.

Na hata siku ya Jumamosi hakuturuhusu kumaliza kila kilichomo mwilini. Akisema, "Ukiona unaweza mara sita, inua tano. Ya sita ni ya kwendea nyumbani." Nilikuwa nakasirika! Kijana nna damu inachemka, mtu ananiambia niache moja. Akiongeza uzito, anaongeza kijichuma kidogo kama kisahani cha kahawa, na kijichuma hicho ukikaa nacho Jumamosi mbili tatu hakijakutetemesha, ndipo anakupa chengine. Mtu wa nje asingeona kitu. Lakini baada ya mwaka ukitazama nyuma unashangaa, kama mtoto anavyokua, huoni siku aliyokua.

Iliyokuwa ikituuma ni Jumatatu. Jumatatu unainua uzito ambao hata kinyozi angeuinua. Na ua wa Baba Haji ulikuwa hauna ukuta upande wa barabara. Watu wakipita wakituona, "Ee, leo mnaosha vyombo?" Mie nilikuwa nasimama kwa nyuma kabisa, karibu na tangi, ili anayepita aone mgongo tu. Baba Haji aliniona. Akaniambia, "Seif, Jumamosi inakupima. Jumatatu ndiyo inayokujenga. Unamwonea haya fundi, unamheshimu mtu wa mizani." Sikumwelewa. Nilidhani anataka kunipa moyo tu.

Sasa hao wenzako wa Dubai, wa jimu iliyokupa mkataba wa kunyanyua vyuma, nimeuona mpangilio wao, ulinionyesha mwenyewe kwenye simu. Jumapili kifua. Jumatatu mgongo. Jumanne mapaja. Jumatano mabega. Alhamisi mikono. Ijumaa mapaja tena, na kamera. Kumbe hata Baba Haji aliyaona hayo yanaanza, pale mtaani ilipofunguliwa jimu ya kwanza yenye vioo. Kijana mmoja akamwelezea, leo naumiza hiki, kesho naumiza kile. Mzee akamtazama kutoka juu mpaka chini. "Unajigawa kama ng'ombe wa Idi," akamwambia. "Leo paja, kesho mbavu, keshokutwa ulimi. Bwana, hayo si mazoezi. Hiyo ni bucha." Sote tukacheka mpaka tukakaa chini. Yule kijana hakucheka. Baba Haji naye hakucheka. Alisema mwili ni mtu mmoja, ukimwita mkono anakuja mzima, ukimwita mguu anakuja mzima, na ukimwita kila siku kuna siku atakuja hana kitu mkononi.

Nnakwenda kwenye lile sanduku. Usikunje karatasi. Umelisikia kutoka kwangu likiwa la kuchekesha, na mama yako anasema kila mwaka uzito wake unaongezeka. Leo silitaji uzito.

Ilikuwa harusi ya binamu yangu, yeye ndiye biharusi. Unajua desturi yetu, sanduku la njumu, lile la mbao lenye misumari ya shaba, alilokuja nalo bibi kutoka Unguja lazima liingie chumba cha biharusi, na linapandishwa na watu wanne wa upande wa mke, huku wanawake wanapiga vigelegele. Lilikuwa limejaa, halikutolewa kitu ndani, kwa sababu kulitoa vitu ni kumfukarisha biharusi mbele ya watu. Harusi ilikuwa Alhamisi. Jana yake Jumatano nilishafanya kazi yangu yote chini ya bati, tena niliiba na ile ya sita.

Wale wanne wakainama kulishika. Mjomba wake bwana harusi, mtu mrefu mwenye kilemba cha zambarau, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Wanne wa nini? Si mnaye yule wenu mnyanyua malori? Au nguvu zake zinakwenda likizo Alhamisi?"

Watu wakageuka. Baba Haji alikuwa amekaa kwenye jamvi na sinia ya pilau. Hakunyanyua kichwa.

"Seif. Leo siku gani?"

"Alhamisi, Baba."

"Basi kula."

Wakacheka wote, na yule wa kilemba akacheka zaidi. Mundhir, nilikuwa na pilau mdomoni. Ningemeza tu, ningesema, "Mzee kasema nile, na mie mtiifu," kicheko kingepita na sasa ningekuwa mtu mwengine. Nilinyanyuka. Nikawaambia wale wanne, "Tokeni." Nikalikumbatia sanduku, nikalipandisha ngazi yote, na vigelegele vilivyopigwa siku ile, biharusi mwenyewe alisema hakupigiwa vyake vizuri hivyo. Hilo ni kweli, muulize.

Ngazi ya mwisho kitu kikakatika chini ya mgongo. Hakikupiga kelele. Kama uzi wa gunia unavyokatika. Nililiweka sanduku taratibu mahali pake, nikashuka nikitabasamu, nikachukua sahani nikala nimesimama. Watu walidhani nafanya madaha. Kukaa nilikuwa siwezi.

Lakini hilo si kosa lililonimaliza, na ndio maana nnakuandikia. Watu wote wanalijua la sanduku. La Jumamosi hawalijui vizuri, kwa sababu mie mwenyewe nikifika hapo huwa naagiza chai.

Jumamosi nilikwenda uani. Baba Haji aliniona nnavyovua viatu.

"Rudi nyumbani."

"Mie mzima, Baba."

"Rudi nyumbani ulale. Mgongo ukitulia, uje Jumatatu. Kisha Jumatatu nyengine. Kwa miezi yote ntakayokwambia, kwako hakuna Jumamosi. Wiki nzima kwako Jumatatu."

Unajua alichokuwa ananipa? Alikuwa ananipa mgongo wangu. Mie nikaona ananipa aibu. Nikajiona nimesimama pale na chuma cha kinyozi, mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, na watu wanapita, "Huyu si yule wa sanduku?" Nikamwambia, "Ntaanza Jumatatu ijayo," nikaingia chini ya ekseli na uzito wangu wa Jumamosi. Hakunizuia. Nilimlaumu miaka kwa kutonizuia. Sasa nnajua mtu mzima hazuiliki, unaweza tu kusimama karibu.

Sanduku lilijeruhi mgongo. Jumamosi ile iliuua. Nilitoka uani nimebebwa juu ya mlango, ndio, mlango wa stoo waliung'oa, na waliobeba walikuwa wanne. Baada ya hapo ni hospitali, na mishipa ya mguu, na hivi ninavyotembea kama unavyoona. Sikuwahi kusimama kwenye mashindano hata mara moja. Wewe unayewaambia wenzako kwamba ami yako alikuwa bingwa, sijawahi kukukataza kusema, na leo pia sikukatazi. Kwa nguvu nilikuwa bingwa. Kwa wiki nilishindwa.

Ndugu yangu, baba yako, alipofariki mkaletwa kwangu wewe na mama yako, ulikuwa huwezi kufungua kopo la maziwa. Nilikupa fimbo ya ufagio uinue juu ya kichwa, Jumamosi, Jumatatu, Jumatano. Ulipokuwa mkubwa nikachukua ile ekseli kwa watoto wa Baba Haji, nikaiweka chini ya bati letu hapa. Nimeona watu wenye nguvu, nimejiona mwenyewe, na sijaona mgongo kama wako. Kisahani baada ya kisahani. Hukuwahi kuona haya Jumatatu, na kwa hilo nilikuwa nikikuonea wivu. Niliwaza huyu atafika, huyu nimemtengeneza vizuri kuliko nilivyotengenezwa mie. Nilikaa kwenye kiti pale uani jioni nikikutazama, nikisahau mguu unauma.

Kisha wale wa Dubai wakataka picha ya video. Ukaipiga Ijumaa.

Hukuniambia. Nilikuwa natia udhu kwa sala ya Ijumaa, nikasikia ekseli ikianguka uani. Mie ninajua sauti zake zote. Kuna sauti ya chuma kinachowekwa, kuna sauti ya chuma kinachoachiwa, na kuna sauti ya chuma kilichomkimbia mtu. Nilipotoka ulikuwa umesimama unajifuta, umetabasamu. Ukasema, "Mkono uliteleza tu, ami." Tabasamu lile mie nilishalivaa.

Tukaenda msikitini. Unajua mie naswali kwenye kiti, nyuma, na wewe ulisimama safu ya mbele yangu. Rakaa ya kwanza, watu wakainuka kutoka kwenye sijida. Wewe ukabaki. Kisha ukaweka mkono kwenye goti, ukajisukuma ukainuka kama mzee. Rakaa ya pili ukashuka sijidani hivyo hivyo, mkono kwenye goti. Sala yangu yote iliharibika, Mungu anisamehe, sikujua imamu kasoma nini.

Nje, pale kwenye magari, tulizungumza. Nnayaandika yale maneno ili usije ukajiambia kwamba hatukuyasema.

Nilisema, "Mgongo?"

"Hamna kitu, ami."

"Chuchumaa hapo uinuke, mikono kifuani."

"Ami, watu wanatutazama."

"Wacha watutazame. Chuchumaa."

Hukuchuchumaa. Ulitazama viatu vyako, ukasema, "Mkataba nshatia saini. Nikiwaambia naumwa watamchukua mwengine, wapo mia wanangoja mlangoni."

"Waambie wakupe wiki chache. Uanze Jumatatu tu."

"Huko hakuna Jumatatu, ami."

Kisha ukaniuliza, na hukuwa na ufidhuli, uliniuliza kama mtu anayeomba maji: "Ungekuwa wewe, usingekwenda?"

Nilikuwa na jibu la ami. Nilikuwa na jibu la Baba Haji pia. Yote mawili yangekuwa uongo, kwa sababu ningekwenda. Na huu mguu, na miaka yote hii, ukinirudisha umri wako na mlango wa gari ukiwa wazi, ningekwenda. Ukaona usoni. Ukanishika mkono tukaenda kwenye gari, na mpaka leo hatujalirudia neno.

Kwa hiyo sina ushauri, mwanangu. Nilikaa kwenye meza hii nikidhani nitaupata nikiandika. Ningeweza kukwambia umwendee daktari wao kabla hujagusa chuma. Nimekwambia. Ningeweza kukwambia uwaombe siku tatu za mwili mzima, nyepesi, ulale usiku, ule vizuri, uache ya sita. Nimekwambia. Watakuwekea siku ya mapaja, kamera ikiwa mbele yako, na mtu mwenye kilemba cha namna yake atakuuliza kama nguvu zako zimekwenda likizo. Nnamjua huyo mtu. Yuko kila mji.

Utasema ami amekata tamaa. Nimekata. Mtu anaweza kupenda akiwa amekata tamaa, nilikuwa sijui, nimejua wiki hii. Nilifikiri kumwambia mama yako. Neno moja tu, "Bi Zuhura, kijana ana mgongo," na usingetoka mlango huu. Nimefika mpaka jikoni. Alikuwa anakukaangia sambusa za safari, anazihesabu kwa kuimba, na anamwambia jirani dirishani kwamba mwanawe kachaguliwa. Nikachukua sambusa moja nikarudi. Nikakaa nikaila, na nikajua kwamba wewe ukibakizwa kwa neno langu utanichukia ukiwa mzima, na ukenda kwa kunyamaza kwangu utanisamehe ukiwa umevunjika. Sijui kipi ni cha mzazi. Baba yako angejua. Mie ni ami tu.

Ukivunjika, rudi. Usikae huko chumbani peke yako kwa kuogopa watasema nini Azaiba. Watasema. Mie walisema, wakachoka. Sikuahidi kwamba utapona, mie sikupona. Nnakuahidi kwamba hapa hakuna atakayekuuliza ilikuwa siku gani.

Gari lao linakuja alfajiri. Begi lako nimelijaribu, zito, mama yako kaweka na mchele, sijui nani kamwambia Dubai hakuna mchele. Ulipita jioni ukalisogeza kwa mguu ukidhani niko uani. Basi nimezungumza na Otieno, yule Mkenya mwosha magari wa hapa nyuma, atakuja baada ya sala alibebe mpaka kwenye gari. Aliniuliza, "Na nyinyi wawili, si ndio mnabeba vyuma kila siku?" Nikamwambia aje tu. Alfajiri nitakwambia kwa mdomo: usilishike, Mundhir. Hata akichelewa, usilishike. Tutasimama mlangoni, wewe na mie, wanaume wawili wenye mabega kama kabati, tumtazame Otieno anahema.

Mama yako atashangaa. Atauliza kwa nini. Nitamwambia ni mila ya watu wa nguvu tangu zamani, Unguja kote, siku ya safari mnyanyuaji habebi kitu, anahifadhi nguvu zake. Nitamwambia Baba Haji mwenyewe alikataa kubeba hata kofia yake siku aliyopanda meli. Nitaongeza na jina la meli.

Ataamini. Kwa hadithi zangu nyengine hajawahi kuniamini, lakini hii ataiamini, maana anataka.

Mungu akuhifadhi palipobaki pazima.

Ami yako,
Seif